Makofi Siyo Kura

Haya ni mazungumzo ya katibu wa kamati ya ngoma ya kijiji kimoja. Mama huyu alijifunza kusoma ukubwani katika darasa la kisomo. Aliyatoa mbele ya vikundi vya ngoma vilivyokutana kuamua kama mashindano ya mavuno yafanyike tena au yafutwe.

 

Mmeniomba niseme habari za safari yangu ya Uingereza. Wengine mmenitania kwamba bibi alikwenda Ulaya kucheza dansi. Sikucheza mie. Nilikaa kwenye kiti nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Lakini nimekubali kusema leo kwa sababu tuna jambo letu hapa. Mwaka jana mnajua yaliyotokea. Waamuzi watatu walikwenda chini ya mwembe, wakanong'onezana, wakarudi na jina la mshindi kwenye kikaratasi kilichokunjwa. Mbuzi akatolewa. Usiku ule ule ngoma ya watu ikachanwa ngozi kwa kisu. Mpaka leo vikundi viwili havisalimiani hata kisimani.

Sikuja kusema nani alichana. Nimekuja kusema niliyoyaona kwa wenzetu, mema yake na mabaya yake, halafu ninyi mtaamua.

Binti yangu ni muuguzi kule. Mwaka 2022 alinialika nikamwone yeye na wajukuu. Sasa kule kuna mashindano ya dansi yanayoonyeshwa katika televisheni, jina lake Strictly Come Dancing. Shirika la utangazaji la BBC liliyaanza mwaka 2004. Huanza karibu mwezi wa tisa, kila Jumamosi jioni, mpaka Desemba. Na wanaoshindana si mafundi wa dansi. Huyu ni mwigizaji, yule mcheza mpira, yule msoma habari. Kila mmoja hupewa mwalimu wa dansi, na wawili hao wanakuwa jozi. Karibu kila juma jozi moja hutolewa. Anayebaki mwisho hupewa kikombe chenye mpira unaometameta juu yake. Mbuzi hakuna.

Hapo nikapenda. Maana hawa ni watu wazima wanaojifunza jambo jipya mbele za watu, wanakosea, wanacheka, wanarudia. Sisi tulioshika kalamu tukiwa na wajukuu tunajua uchungu wake. Mwaka 2020 alishinda mchekeshaji mmoja, Bill Bailey, akiwa na umri wa miaka 55. Mwaka 2021 akashinda Rose Ayling-Ellis, mwanamke kiziwi. Na mwaka 2024 akashinda Chris McCausland, ambaye ni kipofu. Kipofu, jamani! Anafundishwa dansi kwa kushikwa na kwa kuelezwa.

Tiketi ya kuingia ukumbini haiuzwi. Ni bure. Watu huandika majina yao, halafu majina huchaguliwa kwa bahati nasibu, na wanaoomba ni wengi mno kuliko viti. Binti yangu alikuwa ameomba miaka kadhaa bila kupata. Mwaka ule, mwezi wa kumi, akapata tiketi mbili. Akaniambia, "Mama, twende." Mume wake ndiye aliyependa sana kwenda, nikaona haya. Lakini mkwe wangu akasema mama ni mgeni, yeye atabaki na watoto.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Hata hivyo ile karatasi ya tiketi niliishika mwenyewe. Tarehe niliisoma. Saa niliisoma. Mahali palipobaki binti alinieleza, na pale pana neno zito: tiketi hutolewa nyingi kuliko viti, kwa hiyo kuwa na tiketi si ahadi ya kuingia. Anayewahi ndiye anayekaa. Nikamwambia binti, basi ni kama basi letu la mjini. Tuliondoka mapema.

Tulipanda gari moshi kutoka London kwenda upande wa kaskazini, tukashuka Borehamwood. Hapo zipo studio za Elstree. Nilidhani nitaona jumba la fahari. Kwa nje ni kama ghala kubwa la pamba. Watu wamepanga foleni, wanawake kwa nguo za kung'aa na viatu virefu, na baridi ile! Tulikuwa tumeambiwa tuvae vizuri. Mimi nilivaa kitenge changu na kilemba, na koti la binti juu. Mama mmoja wa Kizungu akanishika mkono akakisifu kitenge. Sikuelewa maneno yote lakini nilielewa uso wake.

Mlangoni tulikaguliwa. Simu hazitumiki ndani. Shikeni hilo, nitalirudia.

Ukumbini kitu cha kwanza kilichonishangaza ni udogo wake. Katika televisheni unaona uwanja mpana. Kumbe ukumbi si mkubwa kiasi hicho, ni taa na kamera zinazoupanua. Kamera moja imefungwa kwenye mkono mrefu kama wa winchi, inapita juu ya vichwa vya watu. Na ikikaa mbele yako, basi, huoni mchezaji, unaona mgongo wa mashine. Walioko nyumbani wanaona miguu ya wachezaji vizuri kuliko aliyeko ukumbini.

Kabla ya kuanza alitoka mtu wa kuwachangamsha watu. Kazi yake ni hiyo. Anatania, anatufundisha kupiga makofi, kupiga kelele, kusimama. Tukajaribu mara ya kwanza, akasema hamjala nini? Tukajaribu tena. Hapo nikajua kwamba yale makofi niliyokuwa nayasikia sebuleni kwa binti yangu siyo yote yanayotoka moyoni. Mengine yameombwa. Si uongo, maana ukishaanza kupiga unafurahi kweli. Lakini yameombwa.

Basi dansi ikaanza. Muziki si wa santuri, ni bendi yenyewe na waimbaji wamesimama pale. Kila jozi inacheza kama dakika moja na nusu. Ni fupi, eeh? Lakini wakimaliza wanahema kama waliokimbizwa na nyuki. Katika televisheni huwezi kusikia pumzi ile. Mimi nilisikia pia viatu vikisugua sakafu, na mwalimu mmoja akimnong'oneza mwanafunzi wake hatua, moja, mbili, tatu.

Wanacheza za aina nyingi. Ipo tango, ipo samba, ipo chacha. Wazee mliokaa Dar es Salaam na Tanga zamani mnazikumbuka dansi hizi za kushikana wawili wawili. Ipo hata rumba. Niliposikia rumba nikakaa sawa, nikatega sikio nisikie gitaa. Wapi! Rumba yao ni ya polepole, ya kutazamana machoni, wala haifanani na hii yetu iliyotoka Kongo.

Baina ya jozi na jozi, walioko nyumbani huonyeshwa picha za mazoezi ya juma zima. Sisi ukumbini tunaona kazi nyingine. Taa zinapungua, vijana waliovaa nguo nyeusi wanakimbia na viti, ngazi, miti ya bandia. Mwingine anafuta sakafu ili mtu asiteleze. Nilihesabu moyoni, nikaona kazi ya dakika chache ambayo hapa kwetu ingechukua asubuhi nzima, maana kila mmoja anajua kitu chake cha kubeba. Sikuona aliyemuuliza mwenzake nifanye nini.

Sasa tufike kwenye uamuzi, ndiyo habari yenyewe.

Waamuzi ni wanne. Hawaendi chini ya mwembe. Wamekaa meza moja mbele ya watu wote. Mwaka ule walikuwa Craig Revel Horwood, Motsi Mabuse, Shirley Ballas na Anton Du Beke. Huyo Motsi ni mwanamke aliyezaliwa Afrika Kusini. Nilipomwona amekaa pale, anasema na watu wanamsikiliza, nilikaa wima zaidi kwenye kiti changu. Anton naye alikuwa mwalimu wa dansi katika mashindano hayo hayo tangu mwaka wa kwanza, kwa hiyo amekaa pande zote mbili za meza.

Jozi ikimaliza kucheza inasimama mbele yao. Kila mwamuzi anasema kwa kipaza sauti alichokiona. Bega lilipanda. Mguu ulichelewa. Au pia, vizuri sana, umeendelea. Mchezaji anasikia, jirani anasikia, nchi nzima inasikia. Halafu kila mmoja anainua kibao chenye namba, kuanzia 1 mpaka 10. Wanne wakitoa 10 kila mmoja jumla ni 40, na zaidi ya hapo hakuna. Craig ana sifa ya ukali. Watu humzomea. Jioni ile nami nilimzomea kidogo, binti akanifinya.

Lakini tazameni jambo hili. Walimzomea, naye hakubadilisha namba. Na yule aliyepewa namba ndogo alijua nani kampa, na kwa kosa gani. Akitaka kukasirika, anajua amkasirikie nani. Hakuna sababu ya kupasua ngoma ya jirani.

Namba za waamuzi ni nusu tu ya uamuzi. Nusu ya pili ni kura za walioko nyumbani. Jozi zote zikishacheza, watu huko majumbani wanapiga kura zao. Na sisi tuliokuwa ndani, tuliovaa vizuri, tuliopiga makofi? Nilisema shikeni neno la simu. Simu hatunazo mkononi. Tumekaa karibu kuliko wote, na sauti yetu haihesabiwi. Kulikuwa na jozi moja tuliyoipenda sana ukumbi mzima. Tulisimama, tukapiga miluzi. Mimi nilijua hao wamepita.

Matokeo huonyeshwa Jumapili jioni. Kumbe hayatengenezwi Jumapili. Kura zikishahesabiwa, usiku ule ule wa Jumamosi, katika ukumbi ule ule, wanapiga picha za matokeo, ndizo zinazoonyeshwa kesho yake. Watangazaji wanabadilisha nguo, sisi tunakaa pale pale. Jozi mbili za mwisho zinacheza tena. Kila mwamuzi anataja anayemwokoa. Wakigawanyika wawili kwa wawili, neno la mwamuzi mkuu ndilo linalokata. Hilo limeandikwa kabla, halitungwi wakati wa ugomvi.

Na ile jozi yetu ya makofi ilikuwa katika hizo mbili. Ikatolewa. Ukumbi ulinyamaza, halafu tukaombwa makofi, tukapiga. Yule bibi alikuwa analia, mwalimu wake amemshika. Katika televisheni machozi yale ni ya muda mfupi. Ukumbini taa ziliwashwa na wao bado wamesimama.

Tukaombwa tusiseme matokeo mpaka yaonyeshwe. Ndugu zangu, hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mjukuu wangu wa miaka tisa alikuwa anampenda yule yule aliyetolewa. Jumapili nzima ananifuata jikoni, "Bibi, nani katoka? Bibi, niambie mimi tu." Nikamwambia bibi ameahidi. Akanuna, hakutaka hata uji wangu. Jioni tukakaa wote kutazama. Watu katika televisheni wanashangaa kama jambo linatokea saa ile, nami nalijua tangu jana. Nikatafuta kitenge changu katika watu wale, nikakiona kama doa la rangi, mara moja, kikapotea. Mtoto akalia. Akaniuliza, "Bibi, ulikuwa unajua nilipokuwa nakula?" Nikasema nilijua. Akanitazama sana. Sijui bado kama nilifanya vyema, ingawa ahadi ni ahadi.

Tangu siku hiyo nikitazama jambo katika televisheni najiuliza limepigwa picha lini. Hata gazeti nikilisoma naangalia tarehe kwanza.

Msidhani kwamba kwa sababu wana vibao na kamera basi kwao hakuna ugomvi. Mwaka 2008 walipata vituko viwili.

Kituko cha kwanza. Alikuwapo mwandishi wa habari za siasa, John Sergeant, mtu mzima, miguu mizito. Waamuzi walimpa namba za chini juma baada ya juma. Wananchi wakampenda, wakampigia kura, akapita. Wachezaji wazuri wakatoka, yeye anabaki. Waamuzi wakalalamika, wananchi wakazidi kumpigia. Mwisho mwenyewe akajitoa, mwezi wa Novemba. Sasa nani alikuwa na haki? Mimi nasema kama umewapa watu kura, usiwakasirikie wakiitumia.

Kituko cha pili ni cha hesabu, chukueni kalamu. Zilibaki jozi tatu, karibu na mwisho, mwezi wa Desemba. Kanuni ilikuwa hivi: wa kwanza kwa waamuzi anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1. Na kwa kura za nyumbani vile vile, 3, 2, 1. Unajumlisha. Aliye juu anaokoka, wawili wa chini wanacheza tena.

Siku hiyo Rachel Stevens na Lisa Snowdon walilingana juu kabisa kwa waamuzi. Wote wawili wakapewa 3. Wa mwisho, Tom Chambers, akabaki na 1. Haya, tufanye wananchi wote wampende Tom, wampe 3 ya kura. Moja na tatu, 4. Wale wawili wanagawana 2 na 1 ya kura. Mmoja ana 3 na 2, ni 5. Mwingine ana 3 na 1, ni 4. Mwenye 5 yuko juu, anaokoka. Tom hawezi kumfikia. Yaani hata angepigiwa kura na nchi nzima asingeokoka, na watu walikuwa wanapiga simu kumwokoa! Kosa likagunduliwa watu wamekwisha kupiga kura. Ikabidi jozi zote tatu zipelekwe fainali na kura zile zihesabiwe huko. Na fainali ile nani alishinda? Tom Chambers.

Shirika kubwa kama lile, lenye wasomi, lilishindwa na hesabu ambayo darasa letu la kisomo linaifanya ubaoni. Walikuwa wameandika kanuni, lakini hawakujiuliza mapema, je, watu wakilingana?

Jambo moja la kwao silipendi, nalisema wazi. Namba za waamuzi zinaonekana, lakini hesabu ya kura za wananchi haitangazwi. Unaambiwa tu nani kaokoka na nani yuko chini. Kwa hiyo mtu akitolewa hajui kama alikosa kura mia au kura moja. Hiyo ni karatasi iliyokunjwa, ndugu zangu, hata kama imekunjwa na taa nyingi.

Basi mimi ninavyoona, mashindano yetu yasifutwe. Waamuzi wakae mbele ya watu, kwenye benchi la shule, wala wasikaribie mwembe. Kila mmoja aseme alichokiona, halafu wote wainue namba kwa pamoja, asiwepo anayemsubiri mwenzake. Mwamuzi asiwe na mtoto wala mume wala shemeji katika kikundi kinachocheza. Najua hilo ni gumu, maana hapa kila mtu ni shemeji wa mtu. Labda tuombe kijiji cha jirani. Na kama mnataka watazamaji nao wapige kura, tutumie punje za mahindi katika vibuyu, kila kikundi kibuyu chake, tumwage juu ya mkeka na kuhesabu kwa sauti. Vikundi vikilingana, mbuzi agawanywe. Hilo tuliandike leo, kabla hatujajua nani amelingana na nani.

Vibao nimekwisha kuvitengeneza kwa maboksi ya sabuni. Hivi hapa, 1 mpaka 10, seti tatu. Wanafunzi wa kisomo ndio walioandika. Mzee mmoja pale nyuma alisema 7 inafanana na 1 ukiwa mbali, kwa hiyo tumeikata 7 mstari katikati.

Kilichobaki ni waamuzi. Nimewaendea wanne. Wawili wamekubali. Wawili wamekataa, wanasema wanaogopa yaliyotokea mwaka jana, na siwalaumu. Ndugu Mwenyekiti, naomba mwamuzi wa tatu apatikane kabla hatujatawanyika, na naomba wenzetu wa vikundi vile viwili, ambao nawaona wamekaa pande mbili za chumba, ndio wa kwanza kuulizwa kama jina hilo wanalikubali.